Vita vya Kwanza vya Dunia Afrika Mashariki: kwa nini wengi waliokufa hawakushika bunduki

Kila mwaka ikifika Novemba, mashada ya maua yakishawekwa kwenye makaburi ya vita Dar es Salaam, Moshi na Nairobi, mabishano yaleyale huanza upya mitandaoni. Mmoja huuliza: vita vya Wazungu sisi vilituhusu nini? Wa pili humjibu kwamba babu yake alipigana Burma. Wa tatu huweka picha ya Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, na kuandika kwamba yule ni askari wa Mjerumani, au mpigania uhuru. Ukisoma majibu yanayofuata unaona watu wanazungumzia vita viwili na majeshi matatu au manne kana kwamba ni kitu kimoja.

Burma ni Vita vya Pili vya Dunia, vya 1939 hadi 1945. Vijana wetu walipakiwa melini wakaenda kupigana na Wajapani. Vita vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, vilitufuata hapa hapa nyumbani: Tanga, Taveta, Tabora, Rufiji, Mahiwa kule Lindi, hadi ng'ambo ya Mto Ruvuma. Na yule wa kwenye sanamu, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni askari wa jeshi la Mwingereza. Kabla yake pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa Kijerumani, na Waingereza ndio walioiondoa. Habari ya uhuru ilikuja miaka mingi baadaye.

Makala hii ni ya Vita vya Kwanza. Nitawagusa askari, lakini zaidi nataka kueleza habari za watu wasiotajwa hata kwenye mabishano hayo: wapagazi, na wanakijiji walioachwa bila nafaka wala ng'ombe. Mtu akivichukulia vita hivi kuwa mapambano ya bunduki kwa bunduki, sehemu kubwa ya kilichotokea itampita.

Nani alikuwa nani

Mwaka 1914 Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja chini ya Mjerumani. Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, zilikuwa chini ya Mwingereza. Kongo ilikuwa ya Mbelgiji, Msumbiji ya Mreno. Serikali hizo zilipoingia vitani kule Ulaya, makoloni yao nayo yakajikuta maadui bila wenyeji kuulizwa neno. Mtu wa Taveta na mtu wa Moshi, waliokuwa wakiuziana ndizi sokoni, wakaambiwa sasa ni watu wa mfalme huyu na yule.

Askari alikuwa mwajiriwa wa jeshi. Alipewa bunduki, sare na mshahara, na jina lake liliandikwa daftarini. Jeshi la Mjerumani, Schutztruppe, lilianza vita na askari Waafrika wapatao 2,500 na maofisa wa Kizungu mia chache, likiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Mwingereza alikuwa na King's African Rifles, ambayo wengi huiita KAR, iliyoanza na watu kama 2,300 na kumaliza vita ikiwa na zaidi ya 30,000. Mbelgiji alileta Force Publique kutoka Kongo, waliouteka mji wa Tabora Septemba 1916. Zaidi ya hao waliletwa Wahindi, Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, Wanigeria, watu wa Gold Coast (leo Ghana), hata watu wa visiwa vya Karibi.

Mpagazi alikuwa mbeba mzigo. Upagazi wenyewe ulikuwa kazi ya zamani na yenye heshima. Wanyamwezi walikwenda na misafara kutoka Tabora hadi pwani ya Bagamoyo, wakalipwa, wakarudi na nguo na majembe, na kijana asiyewahi kwenda pwani alichekwa. Mpagazi wa vita hakuwa huyo. Yeye hakuchagua safari, wala mzigo, wala siku ya kurudi.

Vita vyenyewe navipitia haraka, kwa sababu vimeandikwa mno. Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliipiga mizinga Dar es Salaam. Novemba mwaka huo Waingereza waliteremsha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, na watetezi kama 1,000 wakawarudisha melini. Hadithi kwamba nyuki wa Tanga waliwavamia Waingereza vitani ni ya kweli, ila nyuki hawakuwa na upande; waliwauma wote, na kilichowashinda Waingereza ni mipango mibovu. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts aliletwa kutoka Afrika Kusini, na tangu hapo majeshi makubwa yalianza kumfukuza Lettow-Vorbeck kutoka Kilimanjaro hadi Reli ya Kati, kutoka Reli ya Kati hadi Rufiji, na kutoka Rufiji hadi Ruvuma. Kufukuzana huko ndiko kulikozalisha msiba ninaotaka kuueleza.

Hesabu ya mzigo

Koloni la Mjerumani lilikuwa na reli mbili: ya Tanga hadi Moshi, na ya Dar es Salaam hadi Kigoma iliyokamilika mwaka 1914, mwaka uleule vita vilipoanza. Nje ya reli palikuwa na njia za miguu. Malori yalizama kwenye tope. Farasi, nyumbu, punda na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni walikufa kwa makumi ya maelfu, wakiumwa na mbung'o waliojaa kwenye mapori yale. Akabaki mnyama mmoja asiyeuawa upesi na mbung'o, naye ni binadamu.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Mtu anayetembea siku nzima na mzigo kichwani anahitaji kama kilo moja ya unga kwa siku, na hapo bado hajashiba vizuri. Sasa chukua kambi ya askari iliyo umbali wa siku kumi kutoka ghalani. Mpagazi akibeba kilo 25 za unga, njiani kwenda atakula kilo kumi. Lazima arudi, na njiani kurudi atakula kilo kumi nyingine. Atakachokabidhi kambini ni kilo tano. Ni kama bodaboda aliyetumwa kupeleka galoni la petroli kijiji cha mbali, halafu pikipiki yake inywe kutoka kwenye galoni hilohilo, kwenda na kurudi.

Kilo tano ni posho ya askari mmoja kwa siku tano. Mpagazi yule aliyezileta anatumia siku 20 kwenda na kurudi. Kwa hiyo ili askari huyo mmoja asilale njaa, lazima wapagazi wanne wawe njiani wakati wote, kwa ajili ya chakula chake peke yake. Sogeza kambi mbele kwa siku mbili tu, iwe umbali wa siku 12. Sasa mpagazi anakula kilo 24 katika 25, anakabidhi kilo moja, na askari yuleyule anahitaji watu 24. Sogeza tena siku moja, mpagazi hafikishi kitu. Kuweka vituo vya kupokezana mizigo hakubadilishi hesabu hii, kwa sababu matumbo yanayokula njiani ni yaleyale. Na hapo sijaweka risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, mahema, dawa, wala masanduku ya maofisa.

Makamanda waliijua hesabu hii. Kila Lettow-Vorbeck alipokwepa vita na kurudi nyuma kusini zaidi, alikuwa anairefusha njia ya adui yake. Vitabu vingi vya Kizungu vimemsifu kwa werevu huo. Gharama yake walilipa watu waliokuwa kwenye njia yenyewe, wa pande zote mbili.

Ndiyo maana Mwingereza peke yake, katika miaka ile minne, aliandikisha wapagazi na vibarua wa kijeshi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), Zanzibar, Tanganyika yenyewe kadiri ilivyotekwa, na hata Afrika Magharibi. Vifo vilivyokubaliwa rasmi katika watu hao vinazidi 95,000. Australia nzima, nchi inayovikumbuka vita vile kila mwaka kwa sherehe za taifa, ilipoteza watu wapatao 60,000. Wapagazi wa Mjerumani walikuwa makumi ya maelfu kwa wakati mmoja, na daftari la vifo vyao halikuwekwa kabisa. Wanahistoria wanakadiria tu, na makadirio yao nayo yanafika laki moja.

Kilichowaua

Mtu wa kawaida akisikia idadi hiyo hufikiri risasi. Walio wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Chanzo kikubwa kilikuwa chungu cha kupikia.

Serikali ya kijeshi ilichagua unga wa mahindi kuwa chakula cha wote, kwa kuwa ni rahisi kununua na kusafirisha. Leo ugali wa sembe tunauona chakula cha kuzaliwa nacho, lakini mwaka 1917 haikuwa hivyo. Mganda alizoea ndizi. Mtu wa pwani alizoea wali na muhogo. Wengine walikulia uwele, mtama na ulezi. Unga wenyewe ulisagwa vibaya, ukiwa na makapi na vipande vigumu. Mpagazi alifika kambini jioni, amelowa, miguu imejaa funza, na yeye mwenyewe ndiye wa kutafuta kuni. Msimu wa mvua wa 1917, Rufiji ilipofurika na mabonde yakawa maziwa, kuni zote zilikuwa mbichi au zimelowa. Vyungu havikutosha, watu walipokezana. Kwa hiyo aliyechelewa alikula uji wenye chenga zisizoiva, akalala chini ya turubai moja na wenzake au chini ya mti, akaamka na tumbo linalokata. Kesho yake alibeba mzigo uleule. Kesho kutwa alianza kuhara damu. Alipoanguka njiani, mzigo ulihamishiwa kichwa kingine.

Baadaye, katika mwaka huohuo wa 1917, posho iliboreshwa na hospitali za wapagazi ziliongezwa, hasa kwa juhudi za Oscar Watkins, ofisa aliyekisimamia kikosi cha wapagazi kutoka Nairobi na aliyepigana sana na wakubwa wake juu ya jambo hili. Nadhani ni haki kumtaja. Lakini mageuzi hayo yalikuja baada ya maelfu kuzikwa, na yanathibitisha kwamba vifo vingi vingeweza kuzuilika kwa unga uliosagwa vizuri, sufuria za kutosha na muda wa kupika.

Kuna hoja ya kikoloni ambayo bado inarudiwa, kwamba Mwafrika amezoea mazingira yake kwa hiyo hakuugua kama Mzungu. Ni kweli kwamba wanajeshi wa Kizungu kutoka Afrika Kusini waliugua malaria kwa wingi hadi maelfu yao wakarudishwa kwao mwishoni mwa 1916. Hata hivyo mtu wa nyanda za juu za Kenya hakuwa na kinga ya malaria ya Kilwa, wala hakuwa na neti wala kwinini ya kutosha. Watu wa Shelisheli walioletwa Kilwa kama vibarua, wapatao 800, walipoteza zaidi ya 200 ndani ya miezi michache, waliobaki wakarudishwa kwao. Upande wa Mjerumani, meli za kuleta dawa zilipozuiwa, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, walichemsha magome ya mkwinini kutengeneza dawa chungu ajabu. Dawa hiyo ilikwenda kwanza kwa maofisa, kisha kwa askari. Mpagazi alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

"Walijitolea"?

Hili ndilo swali linalowagawanya watu zaidi. Askari wengi waliingia jeshini kwa hiari, au tuseme kwa hesabu zao: mshahara mzuri, heshima, mifugo ya kuolea. Baadhi walitoka familia za kiaskari tangu Wajerumani walipoanza kuajiri. Wapagazi wachache wa mwanzo nao walijitokeza kwa malipo. Lakini malipo yalishushwa hadi kama rupia 5 kwa mwezi, habari za vifo zikafika vijijini, na hiari ikaisha.

Mwaka 1915 serikali ya Kenya ilitunga sheria iliyowapa maofisa uwezo wa kuwatoa watu kwa lazima. Chifu aliambiwa idadi, naye akaitimiza kwa namna alivyojua: vijana waliviziwa sokoni, ngomani, au usiku majumbani. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya Kenya, aliongoza msako mkubwa kuliko yote, na watu zaidi ya 100,000 wakachukuliwa kutoka Kenya katika miezi michache. Jomo Kenyatta, wakati huo kijana asiyejulikana, alikwenda kukaa kwa jamaa zake Wamasai huko Narok ili asichukuliwe. Wangapi wengine walikimbilia misituni hakuna aliyewaandika.

Upinzani ulikuwapo mapema. Agosti 1914, siku zilezile vita vilipoanza, Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama wa pwani ya Kenya, waliokuwa wamekataa kutoa vijana wa kazi kufuatia mwito wa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza. Nyasaland, mchungaji John Chilembwe aliandikia gazeti barua akihoji kwa nini Waafrika wanakufa katika ugomvi usio wao. Januari 1915 aliongoza uasi, akauawa. Msumbiji, kukamatwa kwa wapagazi kulichangia sana uasi wa Barue wa 1917. Nikiyaweka haya pamoja siwezi kukubaliana na wanaosema watu wetu walifuata tu bila kuelewa. Walielewa vizuri sana.

Upande wa Mjerumani kazi hiyo ilifanywa kupitia maakida na majumbe, na kadiri jeshi lilivyozidi kukimbia, ndivyo sheria yoyote ilivyotoweka. Kijiji kilichopitiwa kilitoa wanaume wa kubeba hadi wachoke, kisha kijiji kilichofuata kikatoa wengine. Daktari wa jeshi hilohilo, Ludwig Deppe, aliandika baadaye kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Huyo alikuwa mtu wao, hakuwa adui anayewachafua.

Hapa panafaa kuigusa hadithi ya "askari waaminifu". Ujerumani, baada ya vita, ilipenda sana kusimulia kwamba askari Waafrika walimfuata Lettow-Vorbeck hadi mwisho kwa mapenzi. Ipo hata simulizi ya mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa wazee hao malimbikizo yao: wasio na vyeti walipewa ufagio wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, na miili ikakumbuka. Sipingi kwamba mzee anaweza kukumbuka amri aliyopigiwa kelele ujanani. Napinga maana inayotolewa humo. Maelfu ya askari wa Mjerumani walitoroka, hasa 1917, na wengi walihamia KAR wakaanza mshahara mpya. Waliobaki wengi walikuwa na wake na watoto ndani ya msafara uleule, wanawake waliotembea mwendo mzima hadi Msumbiji na kurudi, wakipika, wakizaa njiani, wakibeba mizigo. Kwa mtu wa namna hiyo msafara ndio uliokuwa nyumbani kwake, na kutoroka maana yake ilikuwa kuiacha familia katikati ya pori.

Njaa ya waliobaki

Mwanaume anapochukuliwa wakati wa kulima, shamba halilimwi. Likilimwa na mama na watoto, mavuno yanachukuliwa na jeshi linalopita. Wiki chache baadaye jeshi la pili linapita njia hiyohiyo likimfukuza la kwanza, nalo lina njaa. Kilicholipwa kililipwa mara nyingi kwa noti za muda zilizochapwa humu nchini, na Mjerumani alipoondoka zikabaki makaratasi. Mwanzo wa mwaka 1917 ukaja na mvua za mafuriko, baadaye ukafuata ukame.

Ugogo, yaani eneo la Dodoma, ndiko kulikoumia kupita kiasi. Nchi ile ilikaa juu ya Reli ya Kati, ikiwa na ng'ombe wengi, kwa hiyo Mjerumani alichota mifugo na nafaka kabla ya kukimbia, kisha Mwingereza akaja akachota tena na kuchukua maelfu ya wanaume kuwa wapagazi. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi karibu 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000, yaani karibu mmoja katika kila watano. Watu waliuza walichonacho chote kwa kibaba cha uwele, watoto waliwekwa kwa jamaa wa mbali ili wapate kula, koo zikatawanyika. Rwanda nako, upande wa kaskazini-magharibi ambako majeshi ya Mbelgiji na Mjerumani yalikabiliana, palitokea njaa ya Rumanura katika miaka hiyohiyo. Vitabu vya shule huzitaja njaa hizi, vikizitaja, kama majanga ya hali ya hewa. Ukame ulikuwapo, ndiyo. Ila wazee wa Ugogo walikuwa na akiba na mifugo kwa ajili ya ukame, na akiba hiyo ndiyo iliyoliwa na majeshi.

Mwishoni mwa 1918 yakaja mafua makali yaliyoenea dunia nzima. Yaliingia kwa bandari na reli, yakawakuta watu waliokwisha dhoofu kwa njaa, na wapagazi waliojazana kambini wakingoja kurudishwa makwao. Wengi waliopona vita vyote hivyo walifia hapo.

Na hata tarehe ya kumalizika vita siyo ile inayosomwa kwenye sherehe. Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck wakati huo alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, alipata habari siku mbili tatu baadaye karibu na Mto Chambeshi, na alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Akiwa na Wazungu 155 na askari zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi na wanawake. Wajerumani walirudi kwao wakapokewa Berlin kama mashujaa. Askari na wapagazi walipelekwa kambi ya Tabora, mafua yakawafuata.

Baada ya hapo

Kenya, wanajeshi wa Kizungu waliomaliza vita waligawiwa mashamba mwaka 1919, baadhi yakikatwa kwenye ardhi ya Wanandi. Mpagazi wa Kinandi aliyerudi hakupewa ekari. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilianza kutekelezwa sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, iliyotungwa vita vikiendelea, na kila mwanaume Mwafrika aliyefikia umri akalazimishwa kuvaa shingoni kipande chenye alama za vidole vyake. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia wajane, kwa maelezo kwamba wenyewe hawapatikani. Hasira hiyo ilichangia kumpa mwanaharakati Harry Thuku wasikilizaji wake mwaka 1921 na 1922. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lilibaki kwenye Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, mahali palipokuwa na kambi zao.

Makaburi ndiyo yanayoniuma zaidi. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na Rufiji, aliuawa Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza aliyekuwa kapteni. Kaburi lake lipo mpaka leo, na pori la akiba lililokuwa kubwa kuliko yote Tanzania lilipewa jina lake. Wapagazi waliofia katika bonde hilohilo, mwaka huohuo, hawana hata jiwe. Hii haikutokana na kusahau. Baada ya vita, tume ya makaburi ya vita ya Uingereza ilitangaza kwamba kila aliyekufa atatajwa kwa jina, bila kujali cheo wala rangi. Kisha maofisa wa makoloni na wa tume wakakubaliana kwamba kwa Waafrika sanamu za jumla zinatosha. Serikali ya Tanganyika ya wakati huo ilipendekeza makaburi makubwa ya wapagazi, likiwamo la Dar es Salaam, yaachwe yarudi pori haraka iwezekanavyo. Ndipo zikaja zile sanamu tatu za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, zenye maandishi ya kuwasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, bila jina la mpagazi hata mmoja.

Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulihusika. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Novemba 2023 Mfalme Charles alifika makaburi ya Kariokor, Nairobi. Kazi ya kutafuta majina inaendelea kwenye nyaraka za Kenya na Tanzania, nayo ni ngumu, kwa sababu karani mgeni aliandika jina moja tu kwa jinsi alivyolisikia, na namba mbele yake. Kama kwenu kuna jina la babu wa babu aliyekwenda "vita vya Mjerumani" asirudi, liandikwe kamili: jina lake na la baba yake, ukoo, kijiji, chifu au jumbe aliyekuwapo, na ikiwezekana aliondoka na akina nani. Kumtambua mtu nyuma ya namba kunahitaji vitu hivyo, na waliovisikia kutoka kwa watoto wa wapagazi wenyewe sasa ni wazee sana.